Ukuta wa Nyanchoka Usiofika Juu

Siku ya kwanza kumwona Nyanchoka, alikuwa ameegemeza mgongo kwenye mlango wa kituo cha majani chai, na karani wa mizani alikuwa nje akiugonga.

Ilikuwa mvua ya mwezi wa nne, ile ya kwetu Gesima inayokuja na mawe. Mimi nilikuwa nimeitwa kuziba nyufa za sakafu, nikajikuta nimebanwa kwenye kona na karai langu la saruji, katikati ya wanawake kama thelathini waliokuwa wakingoja lori la kiwanda. Magunia ya majani walikuwa wameyaacha chini ya kibanda cha nje. Walipoingia walikuwa wamelowa, meno yanagongana. Mlango ulipofungwa, haukupita muda nikaona mvuke unatoka mabegani mwao, na hakuna aliyetetemeka tena.

"Fungua! Hicho ni kituo cha majani, si nyumba ya kulala!" karani alipaza sauti.

"Majani yako huko nje pamoja na wewe," Nyanchoka alimjibu. "Humu ndani ni watu. Ukitaka kuingia ingia, lakini ukiingia funga nyuma yako. Hili joto ni letu. Hakuna kiwanda kilituletea."

Wanawake waliangua kicheko. Karani aliingia kama kuku aliyenyeshewa, akafunga mlango mwenyewe, na baada ya dakika chache alikuwa amevua kofia na kufungua vifungo vya koti.

Nyanchoka alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, amevaa koti la mwanamume lililomfika magotini. Nilimwona akiweka kiganja ukutani karibu na paa, kisha akainama akakiweka karibu na sakafu, kisha juu tena, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Fundi," aliniambia bila kunitazama, "mbona huku juu kuna joto na huku chini kuna baridi?"

"Sijui, mama."

"Umejenga miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na hujawahi kujiuliza? Wewe ndiye unafungia watu ndani ya kuta."

Nilishika mwiko wangu nikatazama sakafu. Mimi ni mtu wa haya. Tangu shuleni, ambako niliishia darasa la nane, nikiulizwa kitu mbele ya watu ulimi hunishika. Nikiombwa jambo husema "sawa" ili mazungumzo yaishe. Nalitaja mapema kwa sababu hiyo "sawa" yangu ilikaribia kumuumiza mtu, kama mtakavyoona.

Mwezi wa sita alinitumia ujumbe kupitia Bitutu, jirani yangu, kwamba niende kwake na vifaa. Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko, ya matofali na mabati. Marehemu mumewe, Onyiego, ndiye aliyeijenga. Ilikuwa na sebule mbele na vyumba viwili nyuma. Chumba kimoja kilielekea kilima, na jua lilikuwa halikifikii mpaka saa sita. Humo ndimo alimokuwa binti yake wa pekee, Lorna.

Nitasema habari za Lorna jinsi zilivyokuwa, kwa sababu kwenye simu zilisemwa vibaya. Alikuwa na miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, mwimbaji wa kwaya. Sabato moja alisimama kanisani kuimba peke yake. Sauti ikakatika katikati ya wimbo, akakohoa, akacheka, akaanza upya. Jambo la kawaida kabisa. Lakini mtu fulani alikuwa akirekodi. Akakikata kile kipande cha sauti kukatika, akakiunganisha na mlio wa mbuzi, akakitupa mtandaoni. Kabla wiki haijaisha watu elfu arobaini walikuwa wamekitazama. Watu wasiojua Gesima iko wapi waliandika kuhusu meno yake, gauni lake, na mama aliyemzaa.

Lorna aliacha chuo akarudi nyumbani, akaingia kwenye kile chumba na kufunga mlango. Alikuwa akisoma yale maneno tu. Akiyamaliza anaanza tena, maana kila saa kulikuwa na mengine mapya. Chakula alikuwa akikipokea mlangoni. Nywele zilikuwa hazijasukwa tangu arudi. Mama yake alimpeleka hospitali, daktari akampa dawa na kumwambia Nyanchoka mambo mawili: msichana asikae peke yake, na asinyang'anywe simu kwa nguvu, kwa sababu hapo atafunga mlango wa mwisho uliobaki.

"Sasa nifanyeje?" Nyanchoka aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye daktari. "Asikae peke yake, na hataki kuona mtu. Ukiingia anageukia ukuta. Na chumba chenyewe, weka mkono uone."

Niliweka mkono ukutani. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Jiko la makaa sitaweka. Kule ng'ambo juzi mtu na mkewe walilala na jiko, hawakuamka. Na huyu..." Hakumalizia.

Siku ile nilipima tu. Nilipokuwa nikikusanya vitu vyangu jioni, aliniambia, "Fundi, hiyo kamba yako ya kunyooshea ukuta usiiache hapa."

"Itakuwa salama tu, mama. Kesho narudi."

"Nimesema beba."

Nilipokuwa nikitoka, niliona ng'ombe wake hakufungwa kamba. Alikuwa amezuiwa kwa miti mitatu iliyolazwa mlangoni mwa zizi. Nguo zilikuwa zimetandazwa juu ya ua, na zile nguzo mbili za kuanikia zilikuwa zimesimama tupu. Hapo nikaelewa. Tangu siku hiyo kamba yangu ilikaa mfukoni, hata nilipokwenda kunywa chai.

Mpango wake ulikuwa huu. Alikuwa kwenye chama cha wanawake kumi na wanne. Siku za Jumanne na Alhamisi, wakishapeleka majani kituoni, walikutana chini ya banda la Bitutu kupukuchua mahindi na kushona vitambaa, upepo ukiwapiga pande zote. Siku moja mwanachama alituma kwenye kundi lao la WhatsApp video fupi ya stesheni ya treni huko Ulaya, ambako joto la wasafiri wanaopita linakusanywa na kupelekwa kwenye jengo la jirani, wafanyakazi wa huko wasipate baridi. Wanawake waliitazama wakacheka wakaendelea na mengine. Nyanchoka aliitazama mara sita.

"Wao wana stesheni," aliniambia. "Mimi nina chama. Nataka hawa wanawake wahamie hapa sebuleni kwangu, na joto lao liende kule kwa msichana. Hataki watu, sawa. Lakini joto lao atalala ndani yake, apende asipende."

"Litapitaje, mama?"

"Punguza huo ukuta wa kati. Toa matofali ya juu mistari mitatu. Nyanya yangu alikuwa na nyumba ambayo ukuta wa kati haukufika juu. Ndama upande huu, watoto upande ule. Hakuna mtoto alijifunika blanketi mbili. Ni nyinyi mafundi mlikuja na kufunga kila mtu kwenye sanduku lake."

Nilisema sawa.

Kazi ya juu niliifanya vizuri. Chini ya mabati nilipigilia dari ya magunia, na juu yake tukapanga mifuko iliyoshindiliwa majani makavu ya migomba, ili joto lisikimbilie kwenye mabati. Dirisha la upande wa bonde tuliliacha wazi upana wa kiganja, watu wapumue. Lakini ukuta wa kati ulinishinda, kwa aibu. Fundi akiacha ukuta bila kuufikisha juu, Gesima nzima itasema aliishiwa na matofali, au alikuwa amelewa. Mgeni akiingia sebuleni kitu cha kwanza kuona ni ule ukuta. Basi nikafanya ujanja. Nilitoboa tundu chini kabisa, nyuma ya kochi, nikalifunika kwa kitambaa chake cha kushona chenye maua. Nikamwambia nimemaliza. Alikuwa ameshinda shambani, hakuona.

Jumanne ya kwanza wanawake walikuja wote. Mimi nilikuwa nje nikipaka plasta kwenye kizingiti. Ndani mlikuwa na vumbi la mahindi na vicheko.

"Bitutu akae karibu na ukuta wa Lorna," mmoja alisema. "Huyo ni magunia mawili ya makaa."

"Na Akong'o akae mlangoni," Bitutu alirudisha. "Mifupa haitoi joto."

Pam Akong'o alikuwa mwanamke wa kutoka kando ya ziwa, aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale senta ya maduka na kulalamikia baridi miezi yote kumi na miwili. "Mimi nimetoka kwa jua," alisema, "nimekuja nalo ndani ya mwili. Nyinyi mlizaliwa kwa friji, mtajua nini?"

Baada ya saa moja sebule ilikuwa na joto hata wakavua masweta. Nyanchoka aliingia chumbani kwa binti yake na uji, akatoka, akanijia moja kwa moja.

"Kule ndani ni baridi vilevile. Nilikwambia wapi?"

"Juu."

"Na umetoboa wapi?"

"Chini. Nyuma ya kochi. Pale halionekani, mama. Nilifikiri watu..."

"Watu gani? Wale waliomcheka msichana wangu, ama wengine?"

Wanawake wote walikuwa wananitazama. Nilipanda juu ya kiti palepale, mbele yao, nikaanza kutoa matofali ya juu moja moja. Hakuna aliyeondoka; walifunika mahindi na shuka wakaendelea kushona. Nilipomaliza mistari mitatu, Nyanchoka akaleta gunzi linalofuka moshi, akanipa. Nilipolishika juu ya ukuta, moshi ulipinda ukaingia chumbani kwa Lorna kama unaovutwa. Nilipolishika chini, kwenye lile tundu langu la aibu, moshi ulitoka kule chumbani ukaja kwetu.

"Nizibe hili la chini?" niliuliza.

"Liache," alisema. "Baridi nayo ipate njia ya kutoka." Halafu akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Fundi, umekosea vizuri."

Wiki ya pili, ulipopita mlangoni mwa Lorna ulihisi uvuguvugu. Wiki ya tatu, Lorna alipigilia misumari kwenye boriti na kutundika blanketi kuziba ile nafasi ya juu. Nilimhurumia Nyanchoka, lakini nilipofika nilimkuta anatembea huku na huku uani kwa furaha.

"Umeona? Ametoka kitandani! Amepanda juu ya kiti, ameshika nyundo, amepigilia! Na lile ni blanketi lake mwenyewe. Alikuwa na mbili, sasa analala na moja." Akashusha sauti. "Mtu anayesikia baridi hawezi kutoa blanketi."

Blanketi lilipunguza joto kidogo, lakini sauti halikuzizuia. Wanawake hawakumtaja Lorna. Hilo lilikuwa agizo la Nyanchoka: msiseme naye, msimsemee, msimwombee kwa sauti. Semeni mambo yenu. Basi wakasema yao: nani ameng'atwa na mbwa wa chifu, kwa nini Bitutu alifukuzwa kwaya, omena gani ina mchanga. Siku moja Akong'o alisimulia jinsi alivyoanguka na beseni la samaki mbele ya mchumba wake wa kwanza, na nyuma ya blanketi kukasikika kitu kama kikohozi. Wote walitazamana. Akong'o, mjanja, akaanza hadithi nyingine ya kuanguka.

Mwenye kuleta shida alikuwa Nyangau, kaka mkubwa wa marehemu Onyiego, mzee wa kanisa na mtu anayeheshimiwa. Alikuja kusalimia, akauona ukuta, akasimama katikati ya sebule kwa muda mrefu.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Ni njia ya joto."

"Wanawake wanakaa hapa wanasikia msichana akivua nguo, na wewe unaita joto?"

Akatoa simu akapiga picha. Jioni hiyohiyo picha ilikuwa kwenye kundi la ukoo, na chini yake ameandika: *Nyumba ya ndugu yetu, mjane ameanza kuibomoa ndani kwa ndani.* Wengine wakaituma mbele, wengine wakaongeza maneno ya kuchekesha. Mimi simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya vibonye, haioni picha, lakini habari zilinifikia. Mtu wa Suneka aliyekuwa amenipa kazi ya nyumba nzima alinipigia. "Wewe ndiye yule fundi wa nusu ukuta? Basi ngoja kwanza." Sikumsikia tena.

Halafu Nyangau akanipigia yeye mwenyewe. "Mokua, Alhamisi uje uzibe lile jambo. Matofali nimeshaleta. Usituaibishe zaidi."

Nami, na mdomo wangu huu, nikasema sawa.

Alhamisi nilifika mchana. Wanawake walikuwa ndani tayari. Nyangau alisimama uani karibu na matofali yake, amevaa koti la kwenda kanisani. Nilichanganya saruji bila kumtazama mtu. Nilipoingia na karai, Nyanchoka aliweka chini gunzi lililokuwa mkononi.

"Mokua. Na wewe?"

Nilikoroga saruji iliyokuwa imeshachanganyika. Akapanda juu ya kochi na viatu vyake, akaegemeza mgongo kwenye ukuta, mikono ameitandaza, kama siku ile ya kituo cha majani.

"Shuka, shemeji," alisema Nyangau, aliyeingia nyuma yangu. "Hii ni nyumba ya ndugu yangu."

"Ndugu yako aliugua mapafu miezi mitano kwenye kile chumba, ukuta ukiwa mzima mpaka juu. Ulikuja ukaketi hapo ukasema nyumba ni nzuri. Sasa leo ndio unaona ubaya?"

"Watu wanatucheka."

"Wacha wacheke. Wakichoka wataenda kulala kwenye baridi yao."

"Wewe huna aibu hata kidogo!"

"Nilikuwa nayo. Ilikaribia kuniulia mtoto."

Nyangau alinigeukia. "Fundi, anza upande ule."

Nilichukua tofali. Ni kweli, nililichukua, na sitajificha. Nililiweka saruji, nikapanda kiti.

"Baba mkubwa."

Sauti ilitoka nyuma ya blanketi, ya kukwaruza, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi. Bitutu alishika mdomo.

"Baba mkubwa, ile picha uliyotuma, nimeiona. Imetoka kwa kundi la ukoo ikafika kwa wale wa kwanza. Wameunganisha na wimbo wangu. Wameandika kwamba kwetu hata ukuta hukatika katikati. Nimesoma yote. Jana walikuwa mia mbili na kumi, leo asubuhi mia tisa."

Nadhani Nyangau hakuwahi kufikiri kwamba aliyekuwa ndani ya kile chumba naye anaona.

"Hao ndio niko nao humu," Lorna alisema. "Kila siku. Wengine wote ni hawa wa upande huo. Sasa unataka kuziba, nibaki na wale peke yao?"

Nyangau alitazama matofali yake kule uani.

"Fundi, usizibe."

Halafu blanketi likasukumwa kutoka ndani, misumari ikatoka, likaanguka upande wetu juu ya kichwa cha Bitutu. Alitoka ndani yake ametapakaa vumbi. "Ee Mungu," alisema, "na lilikuwa limeshapata joto." Akong'o akaanza kucheka, akashindwa kuacha, na wengine wakamfuata, na wengine walikuwa wakilia. Mimi nilishuka kwenye kiti. Nilitoka nje na karai nikaimwaga ile saruji kando ya lango. Iko pale mpaka leo, imeganda, imekuwa kama mgongo wa kobe. Matofali ya Nyangau yalipangwa chini ya pipa la maji.

Lorna hakutoka siku hiyo. Watu wanaposimulia husema alitoka akaimba, si kweli. Alitoka wiki tatu baadaye, Jumanne, akaketi karibu na mlango akapukuchua mahindi bila kusema neno, akarudi ndani kabla ya wengine kuondoka. Alhamisi akakaa zaidi kidogo. Aliendelea na dawa, akaendelea kwenda kwa daktari, na zilikuwepo siku ambazo hakutoka kabisa. Simu hakuiacha. Ilikaa mfukoni kama kamba yangu ilivyokaa mfukoni mwangu. Siku moja nilikuta Nyanchoka amefunga tena kamba za kuanikia nguo kwenye zile nguzo mbili, na mashuka yanapepea. Mwaka uliofuata Lorna alirudi chuoni. Ameshamaliza, anafundisha watoto wadogo, na kwaya ameirudia. Sauti bado hukatika katika noti za juu.

Nyanchoka mwenyewe hakupata muda mrefu. Moyo wake ulikuwa umepanuka. Hospitali ya Kisii walimwambia apumzike, na kupumzika hakukujua. Miezi ya baridi ilipofika alilazwa kwenye kile chumba cha kilima, kitanda cha Lorna. Chama hakikukosa hata siku moja. Walihesabu siku zao upya, wakawa wanakuja kila siku kwa zamu, saba leo, sita kesho, na Lorna alipokuwa likizo alikaa nao upande wa sebule, karibu na ukuta, mahali pa Bitutu.

Alifariki Jumamosi asubuhi. Siku ya nne baada ya mazishi, watu wakiwa bado wamejaa uani, Nyangau aliniita mbele ya wazee. Hakuwa na ubaya, nafikiri alitaka tu kurudisha mambo yalivyokuwa. "Mokua," alisema, "sasa aliyetaka ule ukuta ameenda, na aliyekuwa anahitaji amepona. Lete vifaa tumalize hii habari."

Nilisema hapana. Nililisema kwa nguvu hata watu wa jikoni wakatoka nje kutazama, na mke wangu Kemuma, aliyeolewa nami miaka ishirini na mbili, aliangusha sufuria. Nyangau alinitazama kana kwamba mti umesema. Ukuta haujazibwa. Chama bado kinakutana pale, na chumba cha kilima analala mama mkwe wa Bitutu, ambaye ni mzee sana na hana damu ya kupasha mwili.

Watu waliniuliza nilitoa wapi ile sauti. Nilipewa siku mbili kabla ya Nyanchoka kufariki, siku ya Alhamisi, nilipokwenda kumwona. Sebuleni wanawake walikuwa wakibishana juu ya bei ya vitambaa. Niliketi kwenye kigoda karibu na kitanda. Alikuwa amekonda, lile koti la mumewe limetandikwa juu ya miguu.

"Mama, joto linafika?" nilimuuliza.

"Linafika. Leo Akong'o hayupo, nahisi pengo lake pale kona." Akapumua. "Na alikuwa mfupa mtupu. Tumemwonea bure."

Nilicheka. Akatazama ile mistari mitatu isiyokuwapo, jinsi mwanga wa sebule ulivyoingia kwa juu.

"Nikienda watakuita uje uzibe," alisema. "Utasema sawa. Nakujua."

"Nitakataa," nilisema.

Nilisema kwa sauti yangu ya siku zote, ile ya kuongea na magoti yangu. Nyanchoka alitikisa kichwa, akanyoosha kidole juu, kule ambako vicheko vya wanawake vilikuwa vikiingia.

"Sijasikia, na wale pia hawajasikia. Sema tena, Mokua, ipite juu ya ukuta."